Mtani Aliponikata Nywele za Mbele

Niseme la aibu kwanza tulimalize: nilipiga magoti sebuleni kwetu, Ipuli, nikakiamkia kiti shikamoo. Hakikuwa na mtu. Kiti tu, cha mbao, na mto wake. Tena nikainamisha kichwa nikasubiri kiseme marahaba, na kilipochelewa nikarudia kwa sauti, nikidhani kina shida ya masikio.

Chanzo ni nywele za mbele. Mashangazi wa mchumba wangu walikuwa wanakuja kutoka Puge kuniona, wakiridhika watoe neno. Miaka ya nyuma walishakuja wengine, wa mwanaume mwingine. Waliniangalia, wakanywa soda, hawakurudi. Baadaye nikasikia walisema binti ana uso mzuri, ila unaanzia mbali. Sikuwa na la kubisha. Rasta za kubana zimenila nywele za mbele na za pembeni, paji limepanda linautafuta utosi. Safari hii nikaapa hawalioni. Nikanunua wigi la nywele nyoofu, refu mbele, nikaenda nalo saluni likatwe lishuke usoni kufuata sura yangu.

Shida ni msusi wangu. Yeye Mzaramo, mimi Mnyamwezi, na kwa utani wa makabila yetu anaweza kunifanya anavyotaka na mimi sina haki ya kununa. Kwenye msiba wa baba yangu mkubwa alivaa kofia ya marehemu, akakaa mlangoni anakohoa kama yeye, anauliza kwa nini chai yake imechelewa. Wafiwa walicheka huku wanalia, ikabidi apewe kuku ili anyamaze. Mtu wa namna hiyo ndiye kashika mkasi juu ya ndoa yangu.

Alinikalisha mbele ya kioo, akanivisha wigi, akaweka kitana wima kutoka kwenye paji mpaka kidevuni, kisha akakilaza kutoka shavu mpaka shavu. Akaguna.

"Mtani, una uso mfupi halafu mpana. Kama chapati iliyosukumwa na mtu mwenye haraka zake."

"Nakusikiliza."

"Basi tusikate nzito za mstari mmoja. Zitakufunika nusu ya uso, utabaki mashavu matupu. Tukate nyepesi, zianzie upande huu, zilale mpaka hapa kwenye mfupa wa shavu. Uso utaonekana umerefuka."

Nyepesi. Hapo nikamshtukia. Nyepesi maana yake paji lichungulie, mashangazi walione, na yeye apate la kusimulia mpaka uzeeni. Niliacha shule kidato cha pili lakini mtego naujua.

"Za mstari," nikasema. "Nzito. Zifike kwenye nyusi."

"Uso kama wako haukatwi hivyo."

"Kata."

Mama mmoja aliyekuwa chini ya draya akatoa kichwa akasema msusi yuko sahihi, hata binti yake mwenye uso mpana walimkata za upande akapendeza. Nikamuuliza kwa adabu yeye ni kabila gani.

"Mgogo."

Mtani mwingine. Babu zetu walibeba mizigo kwa miguu kutoka hapa mpaka pwani, na kila walipopiga kambi wakaacha watani. Sasa mjukuu anataka ushauri wa nywele, njia nzima hakuna wa kumwamini.

"Haya, kichwa chako," msusi akasema, akakata. Hakutania tena mpaka mwisho, jambo lililonitia wasiwasi zaidi. Alipomaliza akanipiga picha kwa simu yake. Nikamuuliza ya nini. Akasema ya kumbukumbu. Nikatoka naangalia nyuma.

Siku yenyewe joto lilikuwa kali. Kabla sijaitwa nilichungulia pazia la mlango nikamwona shangazi mkubwa amekaa kwenye kile kiti, amejitanda kitenge cha bluu. Nikaweka akilini: bluu ndiye wa kwanza. Walikuwa wanawake peke yao, wakasema nije bila mtandio. Nikaingia nimeinama, nywele zimenishuka machoni zote, nikaona bluu, nikapiga magoti.

Kumbe shangazi alizidiwa na joto, akaacha kitenge kwenye kiti, akaenda kusimama dirishani.

"Marahaba," sauti ikatoka huko dirishani. "Nimekijibia. Chenyewe kina haya."

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililonitisha. Akaja, akainua nywele kwa kidole kimoja kama mtu anayefunua sufuria ya jirani.

"Huku nyuma umeficha nini?"

"Paji, shangazi."

"Paji tu?"

"Ni kubwa."

Akamwita mdogo wake. Wakaniinamia wote wawili, wakaniangalia kuanzia sikio mpaka sikio, wakavuta wigi nyuma kidogo.

"Sisi tuliambiwa una ugonjwa wa ngozi kichwani," akasema. "Ulivyoingia umejifunika hivyo nikasema basi, ni kweli. Kumbe rasta."

"Rasta, shangazi."

"Hata binti zangu zimewala." Akaliachia wigi likarudi machoni. "Ukija kwetu haya manywele uyatoe. Utatumbukia kisimani."

Ukija kwetu. Nililishika neno hilo usiku na mchana, nikiligeuza. Inawezekana alimaanisha nikija kutembea. Mtu anaweza kualikwa kutembea na bado akakataliwa. Kila simu ilipolia niliona wanatafuta namna ya upole ya kusema hapana, mpaka mshenga alipokuja mwenyewe kusema wameridhika, tupange siku.

Nikaenda saluni kumpa msusi habari. Alikuwa ameshasikia, mji huu haufichi kitu. Akanikalisha, akapunguza zile nywele, akazilaza upande mpaka kwenye mfupa wa shavu. Kwenye kioo nikaona uso umerefuka kweli. Nikamuuliza, kwa ubishi wangu ule ule, kama siku ile alikuwa ananishauri au ananitania, maana nilimwona ana jambo.

Akapuliza vipande vya nywele shingoni mwangu.

"Jambo nilikuwa nalo, mtani. Nilikuwa naomba wakukatae, ubaki hapa hapa tugombane. Ila nilitaka wakukatae ukiwa umependeza."