Mtawala Aliyechagua Lango la Jaa

Wewe uliyechaguliwa kuongoza wenzako, mara ya mwisho kushika uchafu usio wako ilikuwa lini?

Fundi cherehani wa mtaa wa bondeni angeulizwa hivyo angejikohoza tu. Alikuwa mwenyekiti wa mtaa kwa mwaka wa tatu, mtu nadhifu kupindukia: pasi ya suruali yake ingeweza kukata mkate, na sindano zilichomekwa kwenye ukosi wa shati kama nishani. Siku za usafi alisimama kivulini na daftari, akiita majina. Ndivyo walivyofanya wenyeviti wote waliomtangulia, na cheo kikazoeleka hivyo.

Mwaka huo mtaro unaoshuka kutoka barabarani uliziba. Kila mvua iliponyesha, maji meusi yaliingia zahanati na kutuama chini ya vitanda vya wazazi. Ijumaa, afisa wa afya alikuja, akakunja suruali, akatazama.

"Jumatatu asubuhi narudi," alisema. "Nikikuta maji, nafunga wodi."

Hospitali ya pili ilikuwa mwendo wa saa mbili, na mke wa mtoto wa fundi alikuwa mjamzito, siku zake zimetimia.

Jumamosi watu walichimba mpaka viganja vikatoka malengelenge. Lakini walianzia juu, barabarani, ambako wapita njia huona na kusifu. Tope lote walilolichimbua liliteremka likajazana chini, kwenye mdomo wa mtaro, kando ya jaa. Huko hakuna aliyejiandikisha. Daftari lilikuwa na majina ishirini na mawili upande wa barabara. Upande wa jaa, hata moja. Jioni maji yalikuwa yamesimama palepale.

Jumapili kanisani ilisomwa ile orodha ndefu ya watu waliojenga upya ukuta wa Yerusalemu, sura ambayo wengi huitumia kusinzia. Fundi naye kichwa kilikuwa kinaanguka aliposikia kwamba lango la jaa, lango la kutolea taka, lilijengwa na Malkiya mwana wa Rekabu, mtawala wa mtaa. Akamgusa mkewe kwa kiwiko.

"Mama, umesikia? Mtawala."

"Mimi nimesikia. Aliyelala ni wewe."

"Malango yote yale, yeye kachukua la jaa."

"Sasa mbona unanitazama mimi? Mimi si mtawala."

Alasiri hiyo fundi alishuka jaani na koleo, amevaa buti za mpira za mwanawe. Muuza mkaa, ambaye ulimi wake haukuwahi kupata likizo, alimwona.

"Mheshimiwa, umepotea? Kivuli kiko huku."

"Nakuachia, kaka. Daftari nalo lishike."

"Hiyo suruali utaitupa."

"Nitashona nyingine. Sikusomea cherehani bure."

Akaingia hadi magotini. Hakuhutubia. Tumelishwa hotuba za kutosha na watu wasiojua koleo hushikwaje! Akavuta kipande cha godoro, akavuta mifuko, akavuta tairi la lori lililokataa kutoka. Akaanguka kifudifudi, akainuka, akarudi.

Muuza mkaa alitazama weee, mwisho akaliweka daftari juu ya jiwe.

"Mimi nilishakuwa mweusi," alisema akishuka. "Sina cha kuchafua."

Kuona hivyo, wengine waliona aibu. Wakaja wasichana na ndoo, akaja nesi wa zahanati na boksi la glavu, wakaja hata wale wa barabarani. Walilivuta lile tairi kwa kamba, watu kumi na wanne, na lilipong'oka, mtaro mzima ulinguruma. Maji yaliyokuwa yamelala mwezi mzima yaliondoka mbio kama yameitwa, na watu wakashangilia huku wananuka vibaya kuliko walivyowahi kunuka.

Kulipopambazuka Jumatatu, mvua ilikuwa inapiga mabati. Fundi alisimama mlangoni pa zahanati, vidole vimevimba. Afisa wa afya aliingia, akainama, akapitisha kiganja sakafuni chini ya kitanda cha mwisho. Akakitazama. Kilikuwa kikavu.

"Wodi iendelee," alimwambia nesi.

Alikuwa bado anatia sahihi pale mke wa fundi alipotokea langoni, amelowa, akimshikilia mkwe wao aliyekuwa akitembea huku akiuma meno.

"Mzee, tupishe," alisema.

Fundi akapisha, na nesi akafungua milango yote miwili.