Biskuti za Nyirinyiri na Wageni wa Ijara

Saa tisa na robo alasiri, mwanangu, ndipo nilipopanga biskuti ya mwisho kwenye sinia. Naikumbuka siku hiyo vizuri, kwa kuwa wageni walitarajiwa saa kumi, nami nilikuwa kijana wa kutaka kila jambo lifanyike kwa mpango. Walikuwa wazee watano kutoka Ijara, wanakuja kwetu Galbet, mjini Garissa, kumposa dada yangu Halima. Halima alimpenda yule kijana wao. Kazi yetu sisi wengine ilikuwa moja tu, kutoharibu.

Mapishi nilijifunza peke yangu, kwa kitabu cha mitumba nilichonunua Nairobi. Humo mlikuwa na kitafunio rahisi: biskuti ya chumvi, na juu yake kipande kidogo cha nyama ya nguruwe iliyokaangwa. Nguruwe nilimwacha huko huko kitabuni. Nilichukua nyirinyiri ya Mama, nyama ya ngamia aliyoianika, akaikatakata ndogo kama punje za mahindi, akaikaanga mpaka ikakauka, kisha akaihifadhi ndani ya samli yenye iliki. Nikaweka kijiko kidogo juu ya kila biskuti, nikakamulia ndimu, nikamalizia na kipande cha tende. Jaribu siku moja. Hata asiyejua kuchemsha chai anaiweza.

Wageni wakanawa, wakaanza kula. Mzee Dubow, ami wa kijana mposaji na msemaji wao, alimaliza ya kwanza, akatia ya pili mdomoni, akainyanyua ya tatu na kuitazama.

"Adeer," akaniambia, maana ndivyo wazee wetu wanavyowaita vijana, "kitu kizuri hiki ni nini?"

Swali jepesi. Lakini mimi nilipenda kueleza kila jambo kuanzia chanzo chake. Nikajibu, "Kwa asili, mzee, ni nyama ya nguruwe juu ya biskuti. Lakini..."

Hiyo "lakini" hakuna aliyeisikia. Mataya yote yalisimama. Mzee mmoja alitoka mbio hadi kwenye mwarobaini, tukamsikia akisukutua tena na tena. Mwingine alibaki anatazama dari na mdomo umejaa. Kumeza hataki, kutema anaona haya. Nyuma ya pazia Halima akamwambia Mama, "Hooyo, kaka ameniua."

Nikaanza kufafanua tofauti kati ya kitabu na sinia. Kila nilipomtaja nguruwe ili kusema hayupo, ndivyo alivyozidi kuwapo.

Mama akatoka na kopo zima la nyirinyiri, akaliweka mbele ya Mzee Dubow. "Ni ngamia wa soko la hapa Garissa," akasema. "Nimemkaanga kwa mkono wangu."

Mzee akanusa. Akachota kwa vidole, akatafuna taratibu, nasi sote tukiliangalia taya lake. Akameza.

"Ni ngamia," akasema, akachota tena. Yule wa dari naye akameza, kisha akalivuta kopo upande wake.

Ndipo mzee akanigeukia. "Adeer, nilikuuliza kilicho mkononi mwangu. Kitabu chako sikukiuliza. Sasa nikitaka habari za dada yako, utaanza na wasichana ambao siye?"

Wakacheka, na nyuma ya pazia pia wakacheka. Posa ilikubaliwa kabla ya magharibi, kwa sharti moja la Mzee Dubow: "Harusini, huyu asikaribie jiko."

Basi wewe, mwanangu, unayejifunza mapishi kwenye simu na kungojea wageni wa heshima, sikia. Sikuambii ufiche kitu. Mtu akikuuliza, mpe kwanza kile anachohitaji kujua ili atulie. Historia ya jambo ataitaka mwenyewe akishashiba. Mimi sikusema uongo hata neno moja, na nusura nimkoseshe dada yangu mume. Ukweli uliopangwa vibaya hutisha watu bure.

Mwenyezi Mungu akupe mkono mwepesi, ulimi unaoanza na jambo lenyewe, na wageni wanaotamani kurudi.

Na kama utauliza hasara ya siku ile: nyirinyiri ililiwa yote mpaka samli ya chini, ila biskuti zilizobaki siniani hakuna aliyezigusa tena. Shilingi sitini.