Pini za Mjomba Magesa

Uvumilivu wangu uliisha Ijumaa, nilipomkuta binti yangu Nyangeta nje ya geti la shule ya Mwisenge, anazing'oa pini alizojipamba nazo kwenye sweta lake moja moja. Yeye na wenzake wawili walikuwa wameondolewa kwenye ratiba ya siku ya wazazi. Wimbo wao, walioutunga wenyewe, unasema vyoo vya wasichana havina milango. Nilipouliza kwa nini, mwalimu akanijibu mbele ya watu, "Mama Nyangeta, ule si wimbo, ule ni uhuni."

Uhuni? Huyu hajui mimi nimelelewa wapi.

Tulipokuwa wadogo, wakati betri za redio zilikuwa zinaanikwaga juani ili ziimbe tena, mjomba Magesa alitujia kutoka Butiama na kaseti aliyoachiwa na Mwingereza aliyemfundisha hesabu. Muziki wa panki! Makelele ya vijana wa London wa kabla hatujazaliwa. Tukiwa tunakula ugali wa muhogo na furu, vile visamaki vya ziwani, mjomba anasimulia: wale vijana kazi hawana, muziki hawakusomea. Ukijua kubonyeza gita sehemu tatu tu, wiki hiyo hiyo unapanda jukwaani. Redio zikiwakataa, wanatoa santuri zao wenyewe. Magazeti yakiwatukana, wanatengeneza la kwao kwa mkasi na gundi. "Hawakuomba ruhusa kwa mtu!" alikuwa anasemaga, tonge mkononi.

Siku moja akachana shati lake la kanisani, akalishikiza kwa pini za nepi kama wale wa kwenye picha ya kaseti. Bibi akaitazama ile picha, akasikitika kabisa. "Masikini, watoto wa watu hawana hata mama wa kuwashonea?" Kesho yake shati tukalikuta limeshonwa lote, pini ziko kwenye kisahani. Mjomba alinuna wiki nzima. Pini hizo ndizo nilizompa Nyangeta.

Na sisi tukaanzisha bendi yetu uani kwetu, mtaa wa Mukendo: debe la mafuta, ubao wenye nyaya za breki za baiskeli. Tuliimba bomba la mtaa lilivyokauka, mwenyekiti wa mtaa akiwa amesimama pale pale. "Nyie watoto, mnaimba au mnatapika?" aliuliza. Lakini alisikiliza mpaka mwisho.

Watoto wa leo nawachekaga, hawaimbi mpaka simu iwape mdundo. Sasa hawa watatu wamegonga ndoo kwa mikono yao, wamesema la kwao, ndio wananyamazishwa kabla hawajafungua mdomo. Sisi tulisutwa baada ya kuimba.

Jumatatu nilipeleka barua kwa afisa elimu kata. Nakala yangu imegongwa muhuri:

YAH: MALALAMIKO KUHUSU WANAFUNZI KUZUIWA KUIMBA

Mimi ni mzazi wa Nyangeta, darasa la sita. Nalalamika kwamba wanafunzi watatu wameondolewa kwenye ratiba kwa kusema ukweli. Vyoo nimeingia kuviangalia mwenyewe. Milango hakuna. Naomba wimbo urudishwe na milango iwekwe. Ikishindikana, natoa taarifa kwamba siku ya wazazi nitauimba mimi, kutoka kwenye viti vya wazazi. Maneno yote nayajua, na ndoo nitakuja nayo.