Gari la Usizime

Kinyozi yule mtaa mzima ulimwita Usizime, na jina alijipa kwa kinywa chake. Kila aliyeazima gari lake aliagwa kwa neno hilohilo. Lilikuwa gari la zamani, la yale yanayopulizia petroli kwa nozeli, na asubuhi liliwaka hata hujakaa vizuri. Likishapata moto, ukilizima umekwisha. Litakohoa mpaka lipoe kwa hiari yake. Basi akawa analiacha linanguruma mlangoni huku ananyoa, na likizimika lenyewe ni balaa. Wako watu wazima na heshima zao waliolisukuma wakiwa wamenyolewa upande mmoja.

Binti yake wa pekee alipopata mchumba, akasema ukumbini atapelekwa na baba, ndani ya gari lilelile lililompeleka shule. Mama mtu akaguna. Kaka yake mama huyo alikuwa na gari jipya, na mdomo pia anao.

"Shemeji," alimwambia kinyozi mbele za watu, "bibi harusi hasukumi."

Kinyozi hakungoja kesho. Akaenda kwa fundi, dada mmoja mpole mwenye gereji nyuma ya soko. Akarudi, akarudi tena. Kila akifika, gari linawaka mara moja, kama jino linaloacha kuuma mlangoni kwa daktari. Plagi zilibadilishwa, betri ikabadilishwa, ugonjwa palepale.

Aliyefichua ni mkewe, siku alipofuatana naye akamsikia fundi akilalamika.

"Mwanangu, huyu haji hapa mpaka alioshe gari. Anafungua boneti, anamwaga maji baridi, anasubiri likauke. Eti mgonjwa hapelekwi kwa daktari na jasho."

Fundi alicheka mpaka akakalia tairi.

"Mzee wangu, mimi natafuta homa, wewe unaniletea maiti aliyeoshwa."

Wakalizungusha juani mpaka likachemka, wakalizima, wakapiga soga. Likagoma. Fundi akageuza ufunguo nusu, bila kupiga stata, pampu ikavuma ndani ya tangi. Akaurudisha, akaugeuza tena, akarudia, ili pampu ilijaze bomba. Kisha akapiga stata. Likawaka. Akafunga geji ya kupima shinikizo kwenye bomba la petroli: gari likizimwa tu, mshale unaanguka, akilibana bomba karibu na tangi, mshale unatulia. Akawaeleza kwamba vali ya pampu, ile inayoizuia petroli isirudi nyuma, imechoka, petroli inarudi tangini, na kidogo kinachobaki kinageuka mvuke kwa joto la injini. Nozeli haiwezi kupulizia mvuke. Pampu ikabadilishwa.

Siku ya harusi Usizime aliwahi mno, ukumbini bado wanapanga viti. Akazima gari langoni ili wangoje. Wenye ukumbi wakawaomba wazunguke kidogo kwanza. Shemeji akasogea, mikono mfukoni, anatabasamu. Mama bibi harusi, kwa mazoea ya miaka, alikwisha kushuka, akavua viatu, akaegemea nyuma ya gari tayari kusukuma.

Kinyozi akageuza ufunguo. Likawaka. Gari likasogea, mama akabaki ameinama anasukuma hewa. Bibi harusi akacheka mpaka shela ikamwanguka. Mama akakimbia pekupeku, akaruka ndani.

Walipozunguka soko na kurudi, walimkuta shemeji palepale langoni, ameshika viatu vya dada yake. Usizime akasimamisha gari mbele yake, akalizima taratibu, kama mtu anayezima taa chumbani kwake.