Ukurutu Wangu na Miaka ya Kunyimwa Samaki

Enzi zetu, sisi tuliokulia Mwanza wakati soko huria limeingia na sabuni za kunukia zimejaa madukani, mtoto akijikuna hakuulizwa anapaka nini. Aliulizwa kala nini! Na mimi nilijikuna, jamani. Mama anasema ukurutu ulinianza nikiwa na miezi mitatu, mashavu mekundu yanatoa maji, nasugua uso kwenye kitenge chake mpaka kinalowa. Bibi alivuka na kivuko cha Kamanga kutoka Sengerema, akanikagua, akatoa amri: mayai marufuku, hata kwa mama anayenyonyesha.

Nilipoanza kutembea mashavu yakatakata. Bibi akajisifu wee! Kumbe ukurutu ulikuwa umehama tu. Ulitua kwenye mikunjo ya viwiko, na nilipoingia darasa la kwanza ukateremka nyuma ya magoti. Ngozi pale ikawa kavu, nene, nyeusi, inapasuka nikichuchumaa. Bibi akavuka tena.

"Huyu asile samaki," akasema.

Yaani mtoto wa ziwani anyimwe samaki! Ndugu zangu wanafyonza vichwa vya sato, mchuzi unawachuruzika mpaka viwikoni, mimi nimekodolea macho bakuli la maharage. Nililia kwa hasira, nikasusa, nikachapwa, nikala maharage. Mama pekee ndiye aliyekaa upande wangu. "Mimi samaki nimewakinai, bwana," alikuwa akisema huku anachota kwenye bakuli langu. "Tuwaachie hao na miiba yao." Nilimwamini kabisa.

Nikiwa darasa la sita mwasho ukapungua wenyewe, mabaka yakafifia. Siku moja mama akaleta sato mkubwa, akanipa kipande cha kwanza. Nyumba nzima ikanitazama kama nitajikuna. Wapi! Nilipoinua macho nikamwona mama kashika kichwa cha sato kwa mikono miwili, kafumba macho, anafyonza. Hakukiachia mpaka ikabaki mifupa. Nikaona aibu, sijui kwa nini.

Wazazi wa siku hizi, mtoto akitoka kipele kimoja, picha ishafika kwenye grupu la WhatsApp, na madaktari arobaini wasiosomea wanajibu. Nawacheka, lakini walau hospitali wanaambiwa jina lake, pumu ya ngozi, na kwamba huhamahama hivyo, na wengi huwapungua wakikua. Yangu imebaki vidoleni, nikifua tu kwa sabuni ya unga. Na samaki, niliambiwa, kwangu hawakuwa na kosa lolote.

Mama sasa ana presha, kakatazwa chumvi. Jumapili iliyopita nilimtengea chakula chake, nikakaa mbele yake na changu kilichokolea, nikala mpaka nikalamba vidole. Hakulalamika. Aliniuliza tu kama nimeshiba. Yeye aliacha samaki miaka yote ile kwa ajili yangu, na mimi chumvi ya mlo mmoja imenishinda.