Kamba ya Kupimia Libaya

Jumamosi nilikuwa kwa fundi cherehani, hapa Kolwezi, nikingoja suruali yangu. Akaingia mchimbaji wa shaba, akalaza mezani libaya, blauzi ya kitenge ya mkewe.

“Mama, punguza huku kushoto. Balimukata ziwa juu ya kansere. Tangu pale anakatala kwenda ku kanisa.”

“Kipimo iko wapi?”

Akatoa kamba yenye fundo, kama ile ya kupimia kina cha mgodi. “Nilimupima wakati analala.”

Fundi akaangua kicheko. “Tata, bibi yako si shimo! Twende, nimupime ye mwenyewe. Atachagua na mutindo.”

Akafunga duka. Nikabaki barazani, mimi niliyewafundisha watoto miaka mingi kungoja zamu.

Jumapili ya wiki iliyofuata, kanisani, niliketi nyuma ya libaya lile. Suruali yangu bado haijaguswa.