Sauti Iliyotoka Nyuma ya Kinanda

Historia ya shule ya wavulana waimbaji ya kanisa kuu letu niliiandika mimi, Bigirimana, na ukurasa wa kumi na mbili ni uongo mtupu. Pale nimejisifu kwamba sauti ya kwanza, ile nyembamba ya juu, kama yangu haikupata kusikika hapa. Mwenye sauti ile alikuwa Domisiana, mpishi wetu.

Jiko lilipakana na chumba cha mazoezi. Domisiana, msichana kutoka kijiji cha Keza, alikoroga maharage huku akizishika nyimbo zote, hata za Kilatini, kabla yetu sisi tuliochapwa fimbo ili tuzishike. Msichana katika shule ile alikuwa na nafasi moja tu: kwenye masufuria.

Sheria ilikuwa moja. Sauti ikipasuka, unafunga sanduku lako. Yangu ilipasuka siku tatu kabla ya Krismasi, nikatoa mlio wa mbuzi mwenye kikohozi. Nilikimbilia jikoni kulia, maana nyumbani Mabawe jembe lilikuwa likinisubiri.

"Wewe fungua mdomo tu," alisema Domisiana. "Mengine niachie mimi. Ila mawe ya maharage utachambua wewe, kila Jumamosi."

Kwaya iliimba kutoka roshani, nyuma ya waumini. Yeye akajikunyata nyuma ya kinanda, mimi nikasimama mbele nikipanua mdomo. Akina mama walijifuta machozi. Mwalimu Idefonsi, mpiga kinanda, alijua fika, lakini macho hakuyabandua kwenye noti zake. Mchezo huo tuliucheza miaka miwili na nusu. Mawe niliyochambua yangetosha kujenga sakristia.

Mwaka huu, shule ikijiandaa na jubilei, nilimfuata Domisiana kijijini kwao Keza kukusanya habari.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Jina langu utaliandika?"

Nikaapa kabisa. Kisha nikaandika: "Wapishi nao walijitahidi." Niliona aibu, jamani! Picha yangu imetundikwa ukumbini.

Siku ya jubilei vitabu vikagawiwa kanisani, kisha mwalimu wa sasa, Derick, akaniita mbele niimbe ubeti mmoja kama zamani. Mazoea yana taabu. Nilipanua mdomo, nikangoja sauti itoke nyuma ya kinanda.

Haikutoka. Domisiana alikuwa benchi la tatu, kitabu mapajani, kidole kwenye ukurasa wa kumi na mbili. Alinitazama tu.

"Aliyeimba ni yule pale," nikasema hatimaye. "Mimi nilikuwa nafungua mdomo."

Akainuka na miaka yake sabini, akaimba. Sauti ilikwaruza kidogo, lakini hata watoto walinyamaza. Nilifurahi mpaka machozi yakanitoka. Alipomaliza akanigeukia.

"Bigirimana, sasa funga."

Jumamosi nilimpelekea ukurasa mpya. Alisoma jina lake mara mbili, kisha akanisukumia ungo wa maharage.